Habari za Uamsho na Wokovu katika Nchi za Ngara na Biharamulo



Leo nataka kuwaelezeni habari za neno moja tu, nalo ni neno "kuokoka". Watu wa pwani wanalijua neno hili kuwa ni la hatari. Mtu huokoka katika moto, au huokoka katika maji chombo chake kilipovunjika mwambani. Lakini ukisafiri bara mpaka Ngara au Biharamulo, ukakutana na mzee njiani naye akakuuliza, "Je, umeokoka?", usidhani anakuuliza habari za mamba wa Mto Ruvubu. Ataka kujua kama umesadiki ya kwamba Mungu amekusamehe dhambi zako bure, pasipo wewe kulipa kitu, na kama u tayari kulisema jambo hilo wazi mbele ya watu wanaokufahamu.

Swali hilo fupi limegombanisha wanafunzi na walimu wao, mapadre na maaskofu wao, na mara nyingine mume na mkewe. Limepatanisha pia watu ambao kwa desturi za zamani wasingekubali kula chungu kimoja. Basi ni haki tuulize lilitoka wapi, lilifikaje katika nchi zile, na lilifanya nini lilipofika.

Kwanza tuijue nchi yenyewe. Ngara iko katika pembe ya magharibi ya Mkoa wa Kagera, pale Tanzania inapokutana na Rwanda na Burundi. Ni nchi ya vilima, migomba na baridi ya asubuhi. Mto Ruvubu hutoka Burundi ukakutana na mto utokao Rwanda karibu na maporomoko ya Rusumo, na maji hayo, yakiisha kuungana, huitwa Kagera mpaka yaingiapo Ziwa Victoria. Wenyeji ni Wahangaza wa Bugufi na Washubi wa Bushubi. Biharamulo iko upande wa mashariki, nchi iliyo chini zaidi na yenye pori kubwa, makao ya Wasubi na Wazinza, na siku za karibuni Wasukuma wengi wameingia na ng'ombe zao.

Wageni wa kwanza walioandika habari za nchi hizi hawakuja kwa ajili ya dini. Mwaka 1861 Mwingereza Speke alipita Usui, yaani nchi ya Wasubi, akienda Buganda kutafuta chimbuko la Mto Nili, na Mkama Suwarora alimchelewesha sana kwa kudai hongo. Speke alinung'unika mno katika kitabu chake. Twaweza kumwonea huruma, ila tukumbuke kwamba hakuna aliyemwalika. Baada yake ikaja miaka mibaya. Sotoka ya mwaka 1890 na 1891 iliua ng'ombe katika nchi zote za maziwa. Wadachi walikuja wakajenga boma Biharamulo, na katika vita vya mwaka 1916 Wabelgiji wakaja wakawafukuza. Kisha malale ikasumbua pori la Biharamulo hata Serikali ya Waingereza, katika miaka ya 1930, ikawahamisha watu kutoka vijiji vyao vilivyotawanyika na kuwakusanya mahali pamoja, ili mbung'o wasiwamalize. Hivyo wazee wa nchi zile, waliposikia mtu akihubiri habari za kuponywa, hawakuhitaji kuelezwa ugonjwa ni nini.

Na hapa lugha yenyewe yatufundisha jambo. Katika Kinyarwanda na Kirundi, ambazo ni ndugu wa karibu sana wa Kihangaza, tendo la kuponya mgonjwa na tendo la kuokoa roho huitwa kwa neno moja, gukiza. Mwokozi na mponyaji ni mtu mmoja. Mhangaza aliyepelekwa hospitali ya misheni, akasikia asubuhi daktari akitumia neno hilo kwa kidonda cha mguu na jioni mhubiri akilitumia kwa dhambi, hakuona kwamba mada imebadilika. Nadhani ndiyo sababu moja kubwa iliyofanya uamsho huu uanzie hospitalini wala si katika kanisa kubwa la mjini.

Watu wa nchi zile walimjua Mungu kabla ya mmisionari yeyote. Walimwita Imana, mwema, muumba, aliye mbali, asiyedai sadaka. Waliokuwa karibu na kuleta matata ni mizimu. Kujikinga nayo, watu wengi waliingia katika ibada ya kubandwa, ambayo huko Rwanda mkuu wake aliitwa Ryangombe na huko Burundi Kiranga. Aliyebandwa alipewa jina jipya na ndugu wapya, akaapa kutotoa siri ya mambo aliyoyaona. Tuiweke akilini siri hiyo, maana tutairudia.

Desturi ya pili ya kukumbuka ni ile ya kugabiwa ng'ombe. Mtu mnyonge alikwenda kwa bwana mwenye mifugo akaomba ng'ombe, na bwana akampa. Hakuuziwa, alipewa. Lakini tangu siku ile alikuwa mtu wa bwana yule, mwenye kumlimia, kumjengea ua, na kumfuata safarini. Kila mtu katika vilima vile alijua, pasipo kusoma shule, kwamba zawadi ya bure ina kamba shingoni. Sasa fikirini mtu wa namna hiyo anaposikia kwa mara ya kwanza ya kwamba Mungu hutoa wokovu bure, kwa imani tu, wala hataki kazi kwanza. Lazima ajiulize: kamba iko wapi?

Swali hilo si la Wahangaza peke yao. Mtume Paulo alilishughulikia alipowaandikia Warumi na Wagalatia, na mwaka 1517 Martin Luther alipoanza ubishi wake huko Udachi juu ya vyeti vya msamaha, ubishi huo ulikua ukawa juu ya jambo hili hili: mwanadamu huhesabiwa haki kwa imani au kwa matendo yake? Ulaya iligawanyika na kumwaga damu nyingi. Walutheri na Wakatoliki walikuja kutia sahihi tamko la pamoja juu ya jambo hilo mjini Augsburg tarehe 31 Oktoba 1999, yaani miaka karibu 500 baadaye. Watu wa Bugufi walilipokea swali hilo hilo katika muda wa miaka kumi tu, bila kuambiwa habari ya vita vile.

Tuje sasa kwenye mipaka, maana pasipo mipaka hadithi hii haieleweki. Baada ya vita vya kwanza, mwaka 1919, Milner wa Uingereza na Orts wa Ubelgiji waligawana nchi za Wadachi. Waingereza walitaka nafasi ya kupitisha reli upande wa magharibi wa Ziwa, kwa hiyo wakakata kipande cha mashariki cha Rwanda, pamoja na nchi ya Gisaka, wakakitia mkononi mwao. Reli haikujengwa, na baada ya miaka michache kipande kile kikarudishwa kwa Wabelgiji. Lakini katika nafasi ile fupi wamisionari wa Kianglikana wa C.M.S. kutoka Uganda walikwisha kuingia, na bendera ilipobadilika wao hawakuondoka. Kituo chao kikubwa kikawa Gahini, penye hospitali kando ya ziwa. Bugufi nayo, iliyokuwa mkono wa ufalme wa Burundi, ilibaki upande wa Tanganyika, na hata mwaka 1948 Mwami Mwambutsa wa Burundi alikuwa bado anaidai. Basi mstari uliochorwa kwa ajili ya reli isiyojengwa ndio uliofanya watu wa lugha karibu moja wawe raia wa serikali mbili, na ndio uliofungua mlango wa Gahini.

Daktari Joe Church, kijana kutoka Uingereza, alifika Gahini mwaka 1928, na njaa ile kubwa waliyoiita Rwakayihura ikamkuta pale. Alizika watu na kuwalisha waliobaki hata nguvu zikamwisha. Mnamo Septemba 1929 alikwenda Kampala kupumzika, na huko akakutana na Muganda jina lake Simeoni Nsibambi, mtu wa kazi ya afya mjini, aliyekuwa na kiu sawa na yake. Walikaa pamoja wakisoma Biblia na kuomba. Yasemwa mara nyingi kwamba uamsho wa Afrika ya Mashariki ulianza siku zile. Mimi naona neno hilo kweli kwa sehemu, lakini si kweli yote, kwa sababu Daktari aliporudi Gahini mambo hayakuwa mazuri. Watumishi wa hospitali walinung'unika, na mkuu wao, Yosiya Kinuka, alitamani kuacha kazi. Kinuka alikwenda Kampala kumwona Nsibambi, akiwa na malalamiko yake tayari mdomoni. Badala ya kufarijiwa akaulizwa habari za moyo wake mwenyewe. Akarudi amebadilika, akaungama makosa yake mbele ya watu aliokuwa akiwaongoza. Ni kwa watu wa namna ya Kinuka, ambao hawakuwa na mshahara mkubwa wala cheo, kwamba jambo lilipata miguu.

Ndugu yake Nsibambi, Blasio Kigozi, alikuwa mwalimu wa wahubiri pale Gahini. Mwishoni mwa mwaka 1933, katika mkutano wa maombi, watu walianza kusimama mmoja mmoja na kutaja dhambi zao kwa sauti, na haikuisha upesi. Kigozi alikufa kwa homa mwezi Januari 1936 mjini Kampala, alipokwenda kuwataka wakuu wa kanisa lake waamke usingizini. Kifo chake kilifanya kazi kuliko hotuba aliyokusudia kuitoa. Tangu mwaka ule, vikundi vya watu viliondoka Gahini kwa miguu na kwa lori kwenda Kigezi, Burundi, Buganda, Kenya na Tanganyika. Waliitwa Walokole, neno la Kiganda, maana yake waliookolewa. Jina lile lilianza kama dhihaka, nao wakalivaa.

Upande wetu wa mto kazi ya Kianglikana ilikuwa changa. Dayosisi ya Tanganyika ya Kati ilianzishwa mwaka 1927, na askofu wake wa kwanza, George Chambers, alitegemea sana wamisionari kutoka Australia. Hao ndio waliokuja kukaa Murgwanza katika Bugufi, mahali ambapo baadaye palijengwa hospitali, na Katoke katika nchi ya Wahaya, kaskazini ya Biharamulo, penye chuo cha kufundishia walimu. (Kuna Katoke nyingine Biharamulo yenyewe, yenye seminari ya Wakatoliki, msafiri asikosee njia.) Mmoja wa Waaustralia hao, Lionel Bakewell wa Katoke, alikwenda Gahini akaona kwa macho yake, na katika nusu ya pili ya miaka ya 1930 moto ule ukawaka Katoke pia.

Kwa nini chuo cha walimu kilikuwa na nguvu hivyo? Kwa sababu katika siku zile mwalimu wa kijijini alikuwa kila kitu. Alifundisha kusoma, aliongoza sala ya Jumapili, aliandika barua za wasiojua kuandika, alisuluhisha ugomvi. Mwalimu mmoja akiokoka Katoke, mwaka uliofuata kijiji kizima kilisikia. Zaidi ya hayo, Wahangaza wengi walikuwa na desturi ya kwenda Buganda kutafuta fedha katika mashamba ya pamba na kahawa. Walikwenda kwa miguu, wakakaa miezi, wakarudi na blanketi, baiskeli na nyimbo. Wimbo wa Kiganda uitwao Tukutendereza, ambao ndugu wa uamsho huimbiana wakikutana, ulipita njia hiyo hiyo waliyopita vibarua, na ulifika mahali ambapo hakuna mmisionari aliyepata kukanyaga. Kutoka Katoke uamsho ukaingia pia kwa Walutheri wa Buhaya, mnamo mwaka 1939 na baadaye, na katika kanisa lile alitokea Josiah Kibira, mtoto wa uamsho, aliyekuwa askofu wao na, mwaka 1977, Mwafrika wa kwanza kuwa rais wa Shirikisho la Walutheri duniani.

Sasa tutazame mkutano wa ndugu ulivyokuwa, kwa sababu hapo ndipo habari yenyewe ilipo. Watu walikaa chini ya mti au katika nyumba ya mmoja wao. Hapakuwa na mimbari. Mtu alisimama akasema: mimi ni fulani, niliiba hiki, nilimchukia fulani, nilidanganya habari za kodi yangu; nimekuja msalabani, nimesamehewa. Wenzake wakaimba. Mwingine akasimama. Halafu kesho yake yule wa kwanza alionekana njiani akibeba shuka la hospitali alilolificha miaka mitatu, analirudisha. Mambo hayo yalitokea katika kila nchi uamsho ulikopita. Watu walirudisha ng'ombe, fedha, majembe, vitabu vya shule. Karani wa boma aliyeletewa kodi ambayo hakuidai alikuwa na haki ya kushangaa.

Linganisheni sasa jambo hili na ile siri ya kubandwa. Dini ya zamani ilimkinga mtu kwa kiapo cha kunyamaza. Hii ilimweka huru kwa kusema. Hata Ukristo wenyewe uliotangulia haukuwa hivyo. Katika nchi za maziwa Mkristo aliitwa msomaji: alijifunza kitabu cha maswali, akafaulu, akabatizwa, akapata jina la Yohana au Maria, na moyoni mwake alibaki na mambo yake kama mtu yeyote. Wokovu ulikuwa kama cheti. Walokole walikuja wakasema kwamba cheti hakiokoi, ubatizo wenyewe hauokoi pasipo imani, na kwamba padre naye aweza kuwa hajaokoka. Ndiyo maana mapadre wengi hawakuwapenda.

Kwa Wakatoliki maungamo yalikuwako tangu zamani, tena Mapadre Weupe walitangulia kuingia katika nchi zile. Lakini Mkatoliki huungama kwa padre peke yake, sikioni, na padre hufunga kinywa. Mlokole aliungama mbele ya mama mkwe. Tofauti hiyo si ndogo.

Jambo lililowashangaza watu zaidi ni kwamba Wazungu nao waliungama. Daktari Church na wenzake wengine walisimama mbele ya Waafrika wakataja kiburi chao na hasira zao, wakaomba radhi. Lazima tukumbuke siku zile zilikuwaje: Mzungu alikaa kiti chake, akala peke yake, na Mwafrika aliingia kwa mlango wa nyuma. Serikali ya siku zile haikuwa na sheria ya kumwezesha boi kumwuliza bwana wake kama ameokoka. Imani ile ikamwezesha. Kadhalika Mhutu na Mtutsi walikula chungu kimoja. Wanawake, ambao kwa miiko ya zamani huko Rwanda hawakula nyama ya mbuzi, walipookoka walikula, na waume zao walitazama. Tena walisimama kushuhudia mbele ya wanaume, jambo ambalo katika baraza ya mkama lisingefikiriwa.

Lakini nisiwapeni asali tupu. Nimesema kwamba swali la mtu wa vilima lilikuwa: kamba iko wapi? Kwa bahati mbaya kamba ikatokea. Wokovu ulihubiriwa kuwa ni wa bure, kwa imani, pasipo matendo. Lakini haikupita miaka mingi ndugu wakaanza kutazamana. Huyu ameungama vizuri, yule hajavunjika. Huyu ana deni; mwenye kukopa hajaokoka kweli. Yule anauza kahawa yake kwa faida kubwa mno. Mwanamke huyu ana pambo. Mtu aliyekaa kimya mkutanoni alishukiwa, na aliyesema sana alishukiwa pia. Hivyo matendo, yaliyofukuzwa mlango wa mbele, yakaingia dirishani, na maungamo yenyewe yakawa kazi mpya ya kumlimia bwana. Sidhani kwamba ni unafiki. Jamii ndogo isiyo na askari wala gereza, inayoishi kwa kuaminiana, lazima itafute alama ya kumtambua mtu wake. Lakini ni kinyume cha neno lililohubiriwa, na wazee wa uamsho wenyewe waliona hivyo, ndiyo maana kila mara waliwaonya wenzao warudi msalabani wasikae katika sheria. Huko Uganda, katika miaka ya 1960 na 1970, ugomvi wa namna hii uliwatenga ndugu katika makundi mawili, na wale waliojiita walioamka tena wakawakataza wafuasi wao mambo mengi, madeni yakiwa mojawapo.

Wakuu wa makanisa nao walikuwa na hofu yao. Mwaka 1941 chuo cha Mukono karibu na Kampala kiliwafukuza wanafunzi 26, William Nagenda akiwa mmoja wao, kwa sababu walikataa kuacha kukutana alfajiri kwa maombi na kuhubiri habari za wokovu wao kinyume cha amri. Nagenda hakupata upadre maisha yake yote, akawa mhubiri aliyesafiri nchi nyingi kuliko waliomfukuza. Hata hivyo Walokole hawakujenga kanisa lao wenyewe. Kwa uamsho wenye nguvu kiasi kile, jambo hili ni la ajabu kuliko mengine yote. Walibaki katika viti vya nyuma vya makanisa yao, wakiimba, wakiudhi, wakisubiri, hata siku ikaja ambapo maaskofu wenyewe walitoka miongoni mwao.

Sasa nafika mahali pagumu, na mwanahistoria asiyefika hapo afadhali angenyamaza. Tangu mwaka 1959, mauaji yalipoanza Rwanda, Watutsi walikimbilia Ngara, na Waanglikana wa Bugufi waliwajua baadhi yao kwa majina, kwa kuwa walikwisha kukaa nao mikutanoni. Mwaka 1972 wakaja Warundi. Kisha mwezi Aprili 1994, Rwanda, nchi iliyokuwa chimbuko la uamsho, ikafanya mauaji ya kimbari, na watu waliuawa hata ndani ya makanisa. Tarehe 28 na 29 Aprili watu wapatao robo milioni, kwa hesabu iliyotolewa siku zile, walivuka daraja la Rusumo kuingia Ngara katika muda wa saa 24. Waliokuwa wakivuka sasa walikuwa zaidi Wahutu, wakilikimbia jeshi lililokuwa linakuja, na katikati yao walikuwamo wauaji pamoja na watu wasio na hatia, na watoto wengi sana. Walipiga kambi mahali paitwapo Benaco, jina lililoachwa na kampuni ya kujenga barabara. Kwa muda mfupi pori lile likawa mojawapo ya miji mikubwa ya Tanzania.

Je, wokovu ulikuwa wapi? Watu wameuliza hivyo, na wana haki. Wengine wamejibu kwamba Walokole wa kweli walikataa kuua, na ni kweli kwamba wako waliokataa wakafa pamoja na majirani zao, kama walivyokataa wengine miaka ile ya 1959 na kuendelea. Lakini jibu hilo halitoshi, kwa maana lina ile hila ya zamani ya kupima nani ameokoka kweli na nani hakuokoka. Nionavyo mimi, uamsho ulimfundisha mtu kuitaja dhambi yake mwenyewe, moja moja, kwa jina. Haukumfundisha sana kuitaja dhambi ya serikali, ya shule iliyohesabu watoto kwa kabila, ya cheti cha kabila kilichoandikwa na Wabelgiji, ya askofu aliyeketi karibu mno na rais. Aliyeiba shuka alijua la kusema. Aliyetawala kwa ubaguzi hakuulizwa.

Kambi za Ngara zilivunjwa Desemba 1996, na watu wakarudishwa wakipita daraja lile lile. Huko kwetu kazi iliendelea kwa mwendo wa kawaida. Murgwanza ilikuwa imekwisha kuwa makao ya askofu tangu mwaka 1985, Dayosisi ya Kagera ilipoanzishwa, na mwaka 2010 Biharamulo nayo ikapata dayosisi yake. Ndugu wa uamsho bado hukutana. Wazee wamepungua, na vijana wengi wamekwenda kwenye makanisa mapya yenye vipaza sauti, ambako kuokoka huhubiriwa pamoja na habari za kupata gari. Katika mikutano ya zamani bado hakuna kipaza sauti. Mtu husimama, hutaja jina lake, na hutaja alichokifanya juma lile. Na kama ametoka ng'ambo ya mto, hushuhudia kwa Kinyarwanda au Kirundi, na watu wa Bugufi humsikia bila mkalimani.